Kikombe Kimetoka na Mabaka: Mwongozo kwa Mwenye Mashine ya Bei Nafuu

Oda ni ya kicheni pati, vikombe 50, na cha kwanza kimetoka mashineni. Jina la bibi harusi limekolea katikati, maua ya pembeni karibu na mkono wa kikombe yamepauka, na ukingo wa chini una mabaka. Wengi hukimbilia kitufe cha joto. 180 inakuwa 190, 190 inakuwa 205, sekunde nazo zinaongezwa, na kikombe cha pili kinatoka kibaya zaidi: katikati sasa pameungua na pembeni bado pamepauka.

Nakuomba uache kitufe hicho kwanza. Mabaka humaanisha kwamba kuna sehemu ya kikombe iliyopata kidogo kuliko nyingine, na ukiongeza joto la mashine nzima unaziongezea hata zile zilizokwisha kutosheka. Kazi yako ni kupatafuta mahali hapo na kujua ni pa nani: pa mashine, pa kikombe, au pa karatasi.

Kinachotokea ukifunga wenzo

Wino wa sablimesheni ukipata joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi hauyeyuki, bali hugeuka gesi moja kwa moja. Gesi hiyo huingia katika tabaka jembamba la poliesta lililopakwa juu ya kauri, na tabaka likipoa hujifunga na kuishika rangi ndani yake. Ndiyo maana kikombe cha kawaida cha duka la vyombo, hata kiwe cheupe namna gani, hakishiki picha.

Gesi haisafiri mbali. Karatasi isipogusana na kikombe barabara, rangi hutawanyika na picha huwa na ukungu, au haifiki kabisa. Kwa hiyo kila sehemu ya picha inahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: joto, muda na mgandamizo. Mashine za bei nafuu, hizi zenye wenzo mmoja na mkanda wa silikoni wenye waya za joto ndani yake, hukuonyesha mawili ya kwanza kwenye kioo. La tatu halionyeshwi popote. Hilo ndilo linaloharibu vikombe vingi kuliko mengine yote, na ndilo watu wanalolishughulikia mwisho.

Usitupe karatasi iliyotumika

Ukibandua karatasi kikombe kikiwa bado cha moto, usiikunje na kuitupa. Itandaze kando ya kikombe, uviangalie vyote viwili pamoja. Karatasi iliyofanya kazi vizuri hubaki na kivuli cha picha kilichofifia sawasawa kuanzia ukingo hadi ukingo. Penye baka kwenye kikombe, angalia penzake kwenye karatasi.

Ikiwa karatasi bado imekolea mahali pale pale kikombe kilipopauka, wino haukutoka. Joto halikufika hapo, au mkanda haukukandamiza. Ikiwa karatasi imefifia na kikombe nacho kimepauka, wino ulitoka lakini haukupokelewa. Hapo mshukiwa ni tabaka la kikombe, au uwazi kati ya karatasi na kikombe ulioacha gesi ikatorokea pembeni. Picha ikiwa na ukungu, ni huo uwazi. Geuza pia karatasi uangalie mgongo wake. Mgongo ukiwa umejaa rangi nzito, joto au muda umezidi na wino umekimbilia kwenye mkanda badala ya kikombe. Weusi uliogeuka kahawia, kingo za herufi zilizovimba na weupe wa kikombe ulioanza kuwa wa njano, ukiviona vyote vitatu pamoja, vinasema hivyo hivyo.

Jenga mazoea ya kupiga picha ya karatasi kwa simu kabla hujaibandika. Rangi za sablimesheni huonekana hafifu kwenye karatasi kabla ya joto na hilo ni jambo la kawaida, lakini mistari na mabaka ya printa yanaonekana tangu hapo.

Karatasi ikishasema, hakikisha kwa jaribio la vikombe vitatu. Chapa karatasi tatu zenye rangi moja ya kijivu cha wastani, bila maandishi, bila maua. Weusi mtupu huficha tofauti ndogo. Kijivu hakifichi kitu. Kikombe cha kwanza kiweke mashineni kama kawaida yako. Cha pili kigeuze ndani ya mashine, mdomo utazame upande ambao kitako huwa kinatazama. Cha tatu kiweke kama cha kwanza, lakini karatasi ibandikwe juu chini. Sasa lifuate baka. Likibaki upande ule ule wa mashine katika vikombe vyote, ni la mashine. Likihama pamoja na kikombe kilichogeuzwa, ni la kikombe au la karatasi, na kile cha tatu kitakuambia ni la nani kati ya hivyo viwili. Vikombe vitatu ni hasara, nakubali. Tumia vile ulivyokwisha kuviharibu upande mmoja kama upande wa pili bado ni mweupe, au vile vyenye kasoro ndogo ambavyo usingemuuzia mtu.

Mgandamizo

Chomoa mashine kwenye umeme, iache ipoe kabisa. Kata vipande vya karatasi ya kawaida, upana wa kidole kimoja. Weka kikombe kitupu ndani, kisha pachika vipande hivyo kati ya kikombe na mkanda: kimoja karibu na mdomo, kimoja katikati, kimoja karibu na kitako, halafu vingine upande wa kushoto na wa kulia karibu na mkono. Funga wenzo. Vuta kipande kimoja kimoja taratibu.

Kinachochomoka bila ubishi kimekuonyesha mahali pasipokandamizwa. Kinachogoma hadi kuchanika, hapo pako sawa. Jaribio hili halina gharama na linachukua muda wa kuchemsha chai, lakini nimeona likimaliza ubishi uliodumu wiki nzima kati ya fundi na mwenye duka.

Vikichomoka vyote, mashine imelegea. Kaza skrubu ya wenzo nusu mzunguko, jaribu tena. Kipimo cha mkononi ni hiki: wenzo ufungike kwa nguvu ya mkono mmoja, bila kuegemea kwa mwili, na ukishafungwa kikombe kisizunguke ukikishika mkono wake na kukisukuma. Usikaze kupita hapo. Silikoni hutanuka ikipata moto, kwa hiyo mgandamizo unaoupima mashine ikiwa baridi utaongezeka ikipashwa. Anayekaza hadi mwisho mashine ikiwa baridi huishia na kikombe kilichopasuka, au pini ya wenzo iliyopinda.

Vikichomoka vya upande mmoja tu, kukaza skrubu hakutasaidia. Angalia bati linaloubeba mkanda. Katika mashine hizi ni bati jembamba lililofungwa kwa skrubu ndogo au ribiti, na upande mmoja ukilegea, mkanda hushika kikombe kwa mshazari. Angalia pia kama mkanda wenyewe umeteleza ndani ya bati na kukaa chini au juu kidogo ya mahali pake. Kaza, rudisha, pima upya kwa vipande vya karatasi.

Kisha pitisha vidole juu ya mkanda wote, ukiwa bado baridi. Ukikuta mahali palipovimba na kubonyea ukipagusa, silikoni imeachana na waya au na tabaka lake la ndani. Hapo hutoa doa la mviringo lililopauka, mahali pale pale, kila kikombe. Uvimbe huu haurekebishiki. Mara nyingi huletwa na tabia moja: kuwasha mashine na kuiacha imepamba moto bila kikombe ndani. Mkanda usio na kikombe hauna pa kupeleka joto lake, unajichoma wenyewe. Weka humo kikombe kizee, chenye kipenyo sawa na vile unavyochapa, kila wakati mashine inapokuwa imewashwa na wewe hufanyi kazi.

Mwanya mdogo unaweza kuzibwa. Kipande chembamba cha silikoni au cha kitambaa kizito kinachovumilia joto, kikizungushwa juu ya karatasi kabla ya kufunga wenzo, hujaza mabonde madogo na kusambaza mgandamizo. Kinazuia joto kidogo, hivyo ongeza sekunde 20 hadi 30 na usome karatasi tena.

Kingo, na ushauri wangu kuhusu dizaini

Kikombe cha kawaida cha kuchapia, kile cha aunsi 11, kina urefu wa sentimita 9.5 hivi, na mzunguko wa sentimita 25 na kitu. Mkanda wa mashine ndogo hauuzunguki wote, kwa sababu lazima uache nafasi ya mkono. Waya za joto nazo haziendi hadi ukingo wa silikoni. Pembeni kabisa kuna ukanda usio na waya, ambao daima ni baridi kuliko katikati. Na kikombe chenyewe hakikunyooka kama kinavyoonekana. Karibu na kitako huwa kinajikunja kuingia ndani, na vingine vimepanuka kidogo mdomoni. Yakikutana hayo matatu, kingo zitapauka hata kwenye mashine nzima kabisa.

Dawa ya kwanza ni kukiweka kikombe katikati ya eneo lenye waya, si katikati ya bati. Tafuta eneo hilo mara moja, kisha uweke alama ya kudumu kwenye bati ili kila kikombe kikae hapo hapo. Dawa ya pili ni kwenye kompyuta. Kama unachapa kwa mashine ndogo, usichore dizaini ya kufunika kikombe kizima. Urefu wa sentimita 8 hadi 8.5 na upana usiozidi 19 au 20 unakutosha, na weupe unaobaki juu na chini huonekana kama pambo lililokusudiwa. Mandhari ya rangi nzito inayokwenda hadi ukingoni ni kujitafutia lawama kwa mteja. Picha yenye mandhari nyeupe, au rangi inayofifia yenyewe kuelekea pembeni, hufanya kazi vizuri na mashine uliyonayo.

Mteja aking'ang'ania rangi ya kuzunguka hadi kwenye mkono, kuna njia ya oveni: karatasi hubanwa kwa plastiki ya kujikaza au kwa mshipi wa silikoni, na kikombe huokwa ili joto lije pande zote. Oveni hiyo isiwe ile ya kupikia chakula.

Joto linalosomeka na joto lililopo

Namba kwenye kioo ni ya mahali kilipo kihisi, mahali pamoja tu. Kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama bastola, kitakuambia zaidi. Fungua mashine ikiwa ya moto, toa kikombe, na upime haraka sehemu tano za mkanda. Elekeza kwenye silikoni, si kwenye bati linalong'aa, maana chuma kinachong'aa hukipotosha kipimo. Tofauti ya nyuzi 5 kati ya sehemu na sehemu isikuumize kichwa. Ikifika 15 au 20, na vipande vya karatasi vilikuonyesha kwamba mgandamizo uko sawa, waya za upande huo zimechoka.

Angalia jinsi mashine yako inavyohesabu muda. Kuna zinazoanza kuhesabu ukifunga wenzo na kuna zinazosubiri joto lirudi juu kwanza. Kikombe baridi kinapoingia hunyonya joto, na namba huporomoka. Katika mashine ya aina ya kwanza, sekunde 180 ulizoweka zinaweza kuwa na dakika nzima ya kupasha tu, hasa kikombe cha kwanza asubuhi. Kufikia cha kumi, mashine nzima imeshapata moto hadi kwenye bati, na sekunde zile zile zinaunguza. Kwa hiyo pasha mashine na kikombe kizee dakika 10 kabla ya kuanza, na ushike mwendo mmoja: muda wa kutoa kimoja na kuingiza kingine usiwe mfupi mara moja na mrefu mara nyingine kwa sababu umepokea simu.

Feni pia. Maduka yetu yana joto na feni haizimwi, lakini feni ya ukutani inayopuliza mashine kutoka upande mmoja hupoza upande huo kila unapoifungua. Ukiona upande wa kushoto wa vikombe umepauka mchana na umekolea usiku, hamisha meza kabla hujaita fundi.

Na umeme wenyewe. Nguvu ya waya wa joto hupungua haraka kuliko volti zinavyopungua. Mkanda wa wati 300 uliotengenezwa kwa volti 230, ukipata volti 190, hutoa wati 205 hivi, zaidi kidogo ya theluthi mbili tu. Mashine itafika kwenye nyuzi ulizoweka, lakini itachelewa kurudi juu kila kikombe baridi kinapoingia. Mtaa wako ukiwa na umeme unaoshuka jioni, kazi kubwa zifanye asubuhi, na usichomeke mashine kwenye waya mmoja na pasi au jiko. Kabla hujanunua mashine ya mtumba, soma kibandiko chake cha nyuma. Ya volti 110 ikichomekwa kwenye umeme wetu, mkanda huungua.

Unyevu na tepu

Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, karatasi inakunywa maji ya hewani, na wakati wa masika ndiyo zaidi. Karatasi yenye unyevu ikibanwa kwenye joto hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea husukuma wino: unapata madoadoa, au rangi iliyotiririka kidogo pembeni mwa herufi. Pakiti iliyofunguliwa ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba. Karatasi ikitoka kwenye printa, iache ikauke dakika chache kabla ya kuibandika.

Kaza karatasi vizuri. Ianze upande mmoja wa mkono, ivute hadi upande wa pili, bila mkunjo na bila tumbo. Mkunjo hutoa mstari mweupe, tumbo hutoa ukungu. Tepu iwe ya joto, ile ya rangi ya kaharabu, na isipite juu ya picha kama unaweza kuepuka; tepu ya kawaida ya ofisini huyeyuka. Ukiona kivuli cha picha kando ya picha, karatasi ilisogea wakati wa kufungua. Fungua wenzo taratibu, toa kikombe, bandua kwa mvuto mmoja.

Kabla ya hayo yote, futa kikombe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti kidogo, uiache ikauke kabisa kwa sababu inashika moto. Kinyuzi kimoja cha pamba huacha alama ya buluu ambayo mteja ataiona kabla hajaona jina lake. Na weka karatasi nyeupe ya kukinga kati ya karatasi ya picha na mkanda, mpya kila mara. Bila hiyo, wino unaotokea mgongoni hubaki kwenye silikoni na kuchapwa juu ya kikombe cha mtu mwingine.

Ikiwa kosa ni la kikombe

Vikombe vitupu huja katoni ya 36, na katoni mbili zilizonunuliwa duka moja la Kariakoo siku moja zinaweza kuwa na tabaka tofauti. Tabaka lililopakwa vibaya huwa jembamba zaidi karibu na mkono na kitakoni. Kipenyo nacho hutofautiana kwa milimita moja au mbili, jambo linalotosha kuharibu mgandamizo uliourekebisha jana. Ukifungua katoni mpya, chapa kikombe kimoja cha kijivu kwanza, na urudie vipande vya karatasi. Ukikuta katoni mbaya, irudishe ikiwa bado nzima. Muuzaji hatapokea vikombe 20 vilivyokwisha kuchapwa. Vikombe vilivyopanuka juu kama bilauri vinahitaji mkanda wa umbo lao, na hakuna skrubu itakayoufanya mkanda ulionyooka uvikumbatie.

Kwa printa sina mengi. Mistari myembamba iliyo sambamba, yenye nafasi sawa, ni nozeli zilizoziba: chapa ukurasa wa kupimia nozeli kila asubuhi ya kazi, na usafishe mara moja au mbili tu, maana usafishaji unakunywa wino. Wino uwe wa sablimesheni kweli. Wa kawaida utaonekana mzuri kwenye karatasi na hautashika kwenye kikombe.

Kikombe kilichotoka kiache kipoe juu ya ubao au kitambaa kikavu, peke yake, mbali na feni. Usikitumbukize kwenye maji baridi ya bomba, kauri inaweza kupasuka. Dirisha liwe wazi, glavu ziwe mkononi, na plagi iwe na waya wa ardhi.

Ukishafanya haya yote, na baka bado limekaa upande ule ule wa mashine, usinunue mashine nyingine. Kilichochakaa ni mkanda, nao unauzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko mashine. Nenda dukani na mkanda wako wa zamani mkononi, ulinganishe urefu, upana, wati, volti na pini za plagi yake, na umwombe muuzaji auchomeke uone unapata moto kabla hujalipa.